Mama Patasi, Aliyeigeuza Pwani

Ndugu, marafiki na majirani: mama huyu tuliyekuja kumsindikiza hakupenda hotuba ndefu, lakini alichukia zaidi kazi iliyorukwarukwa. Kwa hiyo tutayasema maisha yake kwa mpangilio, na pale penye kicheko tutacheka, kwa sababu yeye mwenyewe alicheka.

Marehemu alizaliwa Jumamosi, tarehe 9 Juni 1951, katika nyumba za wafanyakazi nyuma ya kiwanda cha mbao, mbali sana na bahari. Alikuwa mtoto wa pili kati ya wanne. Baba yake alikuwa mpasua mbao na mama yake alishona mashuka ya hospitali. Siku moja familia ilipokuwa inahama chumba, meza ya kulia chakula ilipinduliwa ili ipite mlangoni, na ndipo ikaonekana kwamba upande wake wa chini wote umechongwa: kuku, ngazi, viatu vya baba, na uso wa mama akiwa amenuna. Mtoto alikuwa akijilaza chini ya meza kila watu walipolala mchana, na patasi ya baba yake mkononi. Mama alitaka kumchapa. Baba alichuchumaa, akaziangalia zile picha kwa muda mrefu, kisha akasema, "Mwache. Patasi yangu imempata mwenyewe." Kuanzia hapo aliitwa Patasi, na alipopata watoto akawa Mama Patasi, ingawa hakuna mtoto wake hata mmoja mwenye jina hilo, na kifungua mimba wake mpaka leo amechoka kulieleza jambo hili kwa watu.

Alianza shule ya msingi mwaka 1958, na hakuanza vizuri. Aliandika kinyume. Herufi zake ziliangalia upande usio wake, na sentensi yake ilianzia pale ambapo za wenzake ziliishia. Mwalimu wa darasa la kwanza alimwita mama yake, akamweleza kwa upole kwamba mtoto ana tatizo. Kesho yake mama alirudi na kioo cha ukutani, akakisimamisha mbele ya daftari. Mwalimu akasoma kwenye kioo, akasoma tena. Walikubaliana kwamba tatizo lipo, ila mwandiko ni mzuri. Kufikia darasa la tatu alikuwa amenyooka, akaendelea hadi sekondari ya wasichana, alikomaliza mwaka 1968 akiongoza kwa hesabu na kuchora. Mwaka uliofuata alipata nafasi katika chuo cha ufundi mjini pwani, kujifunza uchapaji, msichana pekee katika darasa lake. Huko walipewa herufi za madini ya risasi, ambazo hupangwa kinyume ili zitoke sawa kwenye karatasi. Wenzake walihangaika nazo muhula mzima. Yeye alizisoma siku ya kwanza kama mtu aliyerudi nyumbani.

Mwezi Januari 1971 aliajiriwa kama mpangaji herufi katika kiwanda cha uchapaji nyuma ya maghala ya forodha. Kilikuwa chumba kirefu chenye madirisha ya juu, mitambo mitatu, na harufu ya mafuta ya taa na wino iliyowafuata wafanyakazi mpaka kitandani. Walichapa stakabadhi, kadi za harusi, mitihani na vitabu vya ratiba. Msimamizi wao waliyemwita Bwana Nukta, kwa jinsi alivyozifuatilia nukta zilizopotea, ndiye aliyemruhusu kwa mara ya kwanza kuchonga picha kwa ajili ya kazi, siku ambayo picha ya kiatu ya tangazo la duka ilichelewa na mwenye duka alikuwa ameshafika. Marehemu alichukua kipande cha mbao, akaomba aachwe kwa saa moja, akatoka na kiatu. Mwenye duka alikipenda kuliko viatu vyake mwenyewe. Baada ya hapo kila picha ndogo iliyotakiwa pale kiwandani ilipitia mikononi mwake.

Mumewe alimpata kwa ugomvi. Alikuwa mtunza mnara wa taa, kijana mrefu asiye na maneno mengi, na siku hiyo mwaka 1973 aliingia kiwandani suruali ikiwa imelowa mpaka magotini. Alikuwa ameshika kitabu cha ratiba ya maji kujaa na kupwa, kilichochapwa palepale. "Kitabu chenu kinasema maji yamepwa," alisema. "Baiskeli yangu iko chini ya bahari." Marehemu hakubabaika. Alitafuta karatasi ya asili iliyoletwa na ofisi ya bandari, akamwonyesha kwamba kosa lilitoka hukohuko. Yule kijana akaomba radhi, akaondoka. Wiki iliyofuata alirudi kusema kwamba baiskeli imepatikana. Wiki nyingine alikuja kusema kwamba kengele yake bado inalia. Wiki ya tatu hakuwa na habari yoyote ya baiskeli, akaja hivyohivyo. Bwana Nukta alimwambia binti amwelekeze yule kijana kwao, akaseme rasmi, kwa sababu pale anawazibia mlango. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 7 Septemba 1974, na Mungu akawajalia watoto watatu. Waliishi kwa mama mkwe, kwenye nyumba ya ghorofa moja yenye sakafu ya juu wazi, iliyotazama ghuba yote. Ukisimama pale, kamba ya kuanikia nguo ya mama mkwe ilikuwa mbele yako, kushoto kilima chenye tangi la maji, katikati safu ya mivinje na ufuo wa mchanga, na kulia kabisa, mwisho wa mwamba, mnara wa taa alikofanya kazi mumewe.

Machi 1979, akiwa kwenye likizo ya kujifungua mtoto wa pili, marehemu aliamua kuichonga pwani hiyo kwa rangi. Tangu aione bahari mara ya kwanza akiwa mwanafunzi alikuwa anaiwinda, na sasa alikuwa na muda. Kwa wasioijua kazi hii: kila rangi huchongewa ubao wake, ubao hupakwa wino, karatasi hulazwa juu yake na kusuguliwa kwa nyuma, kisha karatasi hiyohiyo huhamishiwa ubao unaofuata mpaka picha ikamilike. Ubao ukiteleza kidogo tu, mti unaota baharini. Alichonga mbao tano: ya mchanga, ya maji, ya majani, ya waridi la alfajiri, na ya mistari myeusi inayobeba yote. Mtoto alilala mgongoni. Mumewe alinoa patasi. Mwiko wa mama mkwe ulipotea jikoni, ukaonekana juu ukisugua karatasi, na haukurudi tena kwenye sufuria.

Picha ya kwanza kamili ilitoka asubuhi moja, familia yote ikiwa imeizunguka meza. Ilikuwa nzuri mno. Waridi la alfajiri lilikuwa limekaa juu ya maji kama linavyokaa kweli, dakika chache kabla jua halijachomoza. Kisha mumewe akainamisha kichwa upande mmoja. Akatazama nje, akatazama karatasi.

"Mke wangu," akasema taratibu, "kuanzia kesho niende kazini upande gani?"

Mnara ulikuwa kushoto. Kilima na tangi lake vilikuwa kulia. Pwani nzima, na jua lake, ilikuwa imegeuka. Marehemu, aliyepanga herufi kinyume kwa miaka minane bila kukosea, alikuwa ameihamishia michoro yake kwenye mbao vilevile alivyoiona kwa macho, kwa furaha tu, bila kuigeuza kwanza. Na kwa kuwa mbao zote tano zilifuata mchoro mmoja, zilikuwa zimekosea kwa pamoja, bila hata moja kuisaliti nyingine.

Hakucheka siku hiyo. Alizibeba mbao zote mpaka jikoni kuzifanya kuni. Mama mkwe alimpokonya, akaziingiza chini ya godoro lake, akapanda kitandani akajinyoosha. "Kuni zipo," alisema. "Anayezitaka hizi aninyanyue kwanza." Mama mkwe alikuwa mtu wa mwili, na hakuna aliyejaribu. Lakini marehemu alikuwa ameumia. Aliona kwamba kila aliyewahi kusema mtoto huyu ana tatizo alikuwa amesema kweli. Karibu mwaka mzima hakushika patasi isipokuwa ya kazini.

Waliomrudisha ni watu. Zile picha chache alizokwisha kuchapa ziligawiwa kwa ndugu, na moja Bwana Nukta aliiomba akaitundika kiwandani, karibu na saa. Wateja walisimama mbele yake wakasahau walichofuata. Waliokulia mjini hapo walisema ni kama kuiona pwani yao kwa mara ya kwanza, na hawakujua kwa nini. Marehemu alijua kwa nini. Taratibu akaanza kuwaeleza, na siku moja, akiwa katikati ya maelezo, akajisikia anacheka. Akarudi kuchonga.

Mwaka 1985 ile picha ya kiwandani iliazimwa na mteja mmoja, haikurudi. Mwaka 1987, mwezi wa Februari, marehemu alikwenda dukani kununua sabuni, akaiona. Ilikuwa kwenye mfuniko wa kopo la biskuti. Mivinje yake, waridi lake, kamba ya nguo ya mama mkwe, mpaka lile shuka lenye kiraka lililokuwa limeanikwa siku ile. Chini iliandikwa kwamba ni mandhari ya pwani, kazi ya msanii wa kiwanda. Mwenye duka alisimulia baadaye kwamba mama alilishika kopo kama mtu aliyekuta mtoto wake amevalishwa sare ya shule asiyoijua.

Alikwenda kiwanda cha biskuti peke yake. Meneja alimpokea vizuri, akamkaribisha kiti, akamweleza kwamba bahari haina mwenyewe na kila mwenye macho anaweza kuichora. Marehemu alikubali kwamba bahari haina mwenyewe. Alisema tu kwamba ile ya kwenye kopo inaye. Meneja akatabasamu, akatazama saa. Ndugu wengi walimshauri aache. Kiwanda kilikuwa na mawakili, na yeye alikuwa na mwiko. Mumewe hakumshauri lolote. Alimuuliza tu kama mbao zipo, akajibiwa kwamba mama bado amezilalia.

Kesi ilisikilizwa mwaka 1988. Msanii wa kiwanda, kijana mpole, alikula kiapo akasema kwamba aliichora pwani hiyo akiwa amesimama juu ya mojawapo ya nyumba za mtaa ule, kama ukuta na kamba ya nguo vinavyoonyesha. Marehemu hakumpinga. Alisimama akaomba jambo moja: mahakama iende ikapaone. Hakimu, mama wa makamo asiyependa kupotezewa muda, alikubali.

Hivyo ikawa kwamba hakimu, karani, wakili wa kiwanda na yule kijana walipanda ngazi za mama mkwe, mmoja nyuma ya mwingine. Majirani walijaa kwenye sakafu zao za juu. Marehemu alimwomba kijana achague mwenyewe mahali alipochorea. Akachagua. Marehemu akampa kopo alishike kwa mkono mmoja.

"Sasa, mwanangu, kwa mkono wa pili nionyeshe mnara wa taa."

Kijana akanyoosha mkono kulia, kwa sababu mnara ulikuwa kulia, umesimama mweupe juani. Kisha akatazama kopo. Mkono ukabaki hewani. Hakimu akasogea, akatazama kopo, akatazama ghuba, akatazama kopo tena, kama mume wa marehemu alivyofanya miaka tisa nyuma. Wakili alijaribu kusema kwamba wasanii hubadilisha vitu kwa ajili ya uzuri. Hakimu akamwuliza kijana kama alibadilisha kwa ajili ya uzuri. Kijana akasema kwa sauti ndogo kwamba hakujua kama imebadilika. Alipewa picha akaambiwa aichore upya, na yeye ni mgeni mjini, hakuwahi kupanda juu ya nyumba hizi mpaka leo.

Mbao zikaletwa, na mama mkwe nyuma yake akihakikisha zinarudi. Marehemu alizipanga mezani, akapaka wino, akachapa mbele yao, mchanga, maji, majani, waridi, na mwisho mistari. Hakuharakisha. Alipoinua karatasi, mnara ulikuwa kushoto na shuka lina kiraka. Hakimu alimuuliza anataka mahakama imfanyie nini.

"Mheshimiwa, nataka waandike ukweli. Waandike kwamba aliyeikosea ni mimi."

Mtaa mzima ulicheka, na hakimu aligeukia baharini mpaka uso wake ukatulia. Uamuzi ulitoka wiki tatu baadaye, na makopo mapya yakafuata. Kuanzia mwaka huo hadi leo kila mfuniko umeandikwa: Pwani Iliyogeuka, imechongwa na Mama Patasi. Siku yalipofika dukani marehemu alinunua moja, akalipeleka kiwandani kwa Bwana Nukta. Msimamizi alilisoma mfuniko kwa miwani, akasema nukta zote zipo.

Baada ya hapo hakuna aliyemshika. Mwaka 1990 aliacha kazi, akafungua karakana yake kwenye ghala la zamani la chumvi, mtambo mmoja na meza nne ndefu. Aliichonga pwani upya, safari hii ikiwa sawa, kwa rangi saba, na kwa ufundi mkubwa kuliko mwanzo. Haikununuliwa. Kila aliyeingia aliitaka ile iliyogeuka. Alinung'unika sana, kisha akaitundika ile sahihi jikoni kwake na kusema kwamba angalau vyungu vitajua viko wapi. Mwaka 1996 jumba la makumbusho lilitundika Pwani Iliyogeuka kwenye ukumbi wake mkuu, na siku ya ufunguzi walimu wawili walionekana wakibishana mbele yake juu ya mashariki ni wapi. Zaidi ya vijana mia walijifunza kuchonga kwenye karakana yake. Mwanafunzi wake wa kwanza kabisa alikuwa yule msanii wa kiwanda cha biskuti, aliyebisha hodi nyumbani wiki moja baada ya hukumu, kabla hata karakana haijakuwepo, akashindwa kusema alichojia. Marehemu alimpa patasi. Leo ni fundi mkubwa, na ni mmoja wa waliolibeba jeneza asubuhi hii.

Mwaka 2019 madaktari waligundua kwamba moyo wake umepanuka na unachoka. Walimkataza ngazi na kazi nzito. Ngazi aliziacha. Kitanda kilihamishiwa karakanani, ukutani penye dirisha, na kutoka hapo aliendelea kuwafokea watu kwa kuzidisha wino. Mumewe alimpikia uji kila asubuhi na kuuonja kwanza, na marehemu alilalamika kwamba akimaliza kuonja hakibaki kitu. Alichonga ubao wake wa mwisho akiwa ameegemea mito, akipumzika kila baada ya mistari michache. Jumapili, tarehe 13 Agosti 2023, aliomba dirisha lifunguliwe, akauliza kama mitambo imesafishwa, akaambiwa imesafishwa. Alifariki alfajiri ya Jumatatu, tarehe 14, palepale karakanani, mkono wake ukiwa kwa mumewe, akiwa na umri wa miaka sabini na miwili.

Ameacha mume, mtunza mnara mstaafu. Ameacha kifungua mimba wake, fundi wa injini za meli. Binti wa pili, mpima ardhi, ambaye kazini hutaniwa kila siku kwa ajili ya mama yake na hujibu kwa kuwapelekea biskuti. Na kitinda mimba anayeiendesha karakana. Ameacha kaka mmoja na dada mmoja, wakwe watatu, wajukuu wanane, kitukuu mmoja, na wanafunzi ambao wote walimwita mama na wote waliitikiwa.

Ubao ule wa mwisho ameuacha nusu. Upande mmoja kuna mawimbi na mwamba, upande wa pili mbao tupu. Familia ilijadiliana kama umaliziwe. Kitinda mimba alisema hapana, akaupaka wino kama ulivyo, akauchapa juzi na jana pamoja na wanafunzi wote, na mtakapokuwa mnatoka kila mmoja wenu atapewa karatasi yake langoni. Upande wenye kazi ni bahari ya marehemu. Upande mwingine, kwa kuwa mbao isiyochongwa hushika wino wote, umetoka buluu moja nzito, hauna mstari hata mmoja, na ni mzuri vilevile. Wino haujakauka sawasawa, kwa hiyo tunawaomba mzishike kwa pembe na msizikunje.

Mama yetu amemaliza zamu yake. Mungu ampumzishe mahali pema, na mikono yake ipate amani.